Mikwaruzo ilibaki, namba ikarudi sifuri

Ilikuwa saa tano usiku, umeme ndo kwanza umerudi, nimekaa kitandani na laptop mapajani, meseji ya Chidi ikaingia WhatsApp: "Kaka nimekutumia kitu, kubali kabla sijabadili mawazo." Nikafungua Steam, ile programu tunayochezea Counter-Strike (CS), gemu la kupigana kwa bunduki, nikaikuta ofa ya bunduki ya gemuni. AK-47 Redline, StatTrak, Field-Tested. Upande wangu hajaomba kitu chochote.

Bunduki yake. Siyo inayofanana na yake, yenyewe, ile ambayo miaka yote nilikuwa naiokota chini kila akitangulia kufa.

Nikakubali, nikaingia gemuni moja kwa moja kuiangalia. Kama unacheza CS unajua, StatTrak ina kale kamashine ubavuni kenye tarakimu za rangi ya chungwa, kanahesabu umeua wangapi. Ka Chidi kalikuwa 3,812. Hiyo namba naikumbuka kwa sababu alinitumia skrinshoti alipofika 3,800 tukabishana usiku mzima nani kambebea mwenzake.

Nikabonyeza F, mkono ukaigeuza bunduki taratibu.

000000.

Mikwaruzo yote ipo. Rangi iliyochubuka kwenye magazini ipo, yale mabaka ya ubavuni yapo, ule mstari mwekundu umekatika palepale ulipokuwa umekatika siku zote. Namba tu ndo imeondoka.

Nilijua itakuwa hivyo, kila mtu anajua, Steam yenyewe inakwambia kabla hujatoa kwamba hesabu itafutwa. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuziona zile sifuri sita ni kingine, nikaizima laptop nikalala, na tangu siku ile ni wiki ya sita sasa hili jambo halijaniachia.

## Uchakavu wa kuzaliwa nao

Kilichonisumbua kwanza hakikuwa ile namba. Ilikuwa ile mikwaruzo. Nani aliiweka?

Siyo Chidi. Chidi aliinunua ikiwa nayo, na aliyemuuzia aliipata ikiwa nayo. Tangu skini, yale mavazi ya rangi ya bunduki kama hiyo Redline, zilipoingia CS:GO, toleo la CS la wakati ule, Agosti 2013 utaratibu ni uleule, skini ikitoka kwenye keisi, kisanduku cha bahati nasibu unachokifungua kwa ufunguo wa kununua, inapewa namba ya uchakavu inaitwa floti, kati ya 0 na 1, na hiyo namba haibadiliki tena mpaka kiama. Chini ya 0.07 ni Factory New, mpaka 0.15 Minimal Wear, mpaka 0.38 Field-Tested, mpaka 0.45 Well-Worn, kuanzia hapo mpaka 1 ni Battle-Scarred. Piga mechi moja au piga elfu kumi, ifyatue mpaka kidole kife ganzi, haiongezeki hata mkwaruzo mmoja. Battle-Scarred maana yake ina makovu ya vita, ila inaweza kuwa imezaliwa jana na haijawahi kubebwa na mtu kwenye mechi.

Makovu yake ni ya tumboni.

Na Redline ndo imenifanya nilifikirie zaidi, kwa sababu floti ya Redline inaanzia 0.10 inaishia 0.70. Rudia kuisoma hiyo. Hakuna Factory New ya Redline. Imetoka 2014 kwenye keisi ya Operation Phoenix na tangu siku hiyo hakuna mtu popote duniani aliyewahi kushika Redline mpya, kila moja imekuja ikiwa tayari imechubuka kidogo, kama vile iliishi maisha mengine kabla ya kufika.

Halafu kuna trade-up. Unatoa skini kumi unapewa moja ya daraja la juu yake, na floti ya hiyo moja inapatikana kutokana na wastani wa zile kumi ulizotoa. Yaani uchakavu unarithiwa! Kumi chakavu zinazaa chakavu, kumi safi zinazaa safi, na watu wanakaa na kikokotoo wanatafuta wazazi wa kupata mtoto mwenye floti wanayoitaka. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo miezi mitatu mfululizo na sikuwahi kujiuliza hata siku moja kwamba hivi hii inaitwa uchakavu kwa maana gani.

Nisiwakosee heshima waliochora lakini. Nimekaa siku mbili nzima nikizikagua skini zangu moja moja, na wale watu hawakumwaga mikwaruzo ovyo. Rangi ya kupuliza inatoka pale panapojitokeza, chuma cha rangi ya anodaizi kinachubuka kwenye kingo kwanza maana ndipo panapogongwa, na zile za patina kama Case Hardened hazichubuki kabisa, zinaingia giza, zinafubaa kama sufuria ya shaba iliyoachwa nje. Kuna mtu alikaa akafikiria chuma kinazeekaje. AWP Asiimov, skini ya bunduki ya mdunguzi, haipatikani chini ya 0.18, na ukiipata yenye floti karibu na 1 ile darubini yake nyeupe inageuka nyeusi tii, watu wakaipa jina kabisa, Blackiimov, na wapo wanaoitafuta hiyo chakavu wakaacha safi. Mimi naielewa hamu hiyo. Kitu chakavu kinaonekana kama kina habari ya kusimulia.

Ila habari ya nani?

## Cherehani

Wiki ya pili nilienda nyumbani kwa mama, jumamosi, kufuata suruali niliyompa akate miguu. Anashonea barazani, cherehani ya kukanyaga, Butterfly, nyeusi, nimeiona tangu nina akili na sikuwahi kuitazama. Siku ile nikaitazama.

Ina yale maua ya dhahabu yaliyobandikwa kiwandani. Juu kwenye mkono wa cherehani yapo yote, yanang'aa, kama ya jana. Chini kwenye kitanda, pale kitambaa kinapopita kwenda kwenye sindano, hakuna kitu, nyeusi tupu, imelainika mpaka inateleza ukipitisha kidole. Na kuna sehemu nyingine, kushoto kidogo, nje ya njia ya kitambaa, dhahabu imeondoka duara dogo kama sarafu. Hapo sikuelewa. Kitambaa hakipiti pale.

Nikamuuliza mama.

Akasema, "Hapo siyo mimi. Hapo ni shangazi yako. Alikuwa akiacha kushona kidogo anaegemeza kiwiko hapo anaongea na watu barabarani."

Cherehani ilikuwa ya shangazi, mkubwa wa baba, alimpa mama mwaka alioolewa. Shangazi amefariki mimi niko darasa la nne, sura yake naikumbuka kwa tabu. Lakini kiwiko chake kipo pale. Kitabaki pale mpaka cherehani iuzwe chuma chakavu.

Nilikaa kwenye lile benchi nikashindwa kuongea kwa muda, mama akadhani nina njaa akaenda kupasha wali.

Maana ndo nilikuwa nimeipata tofauti yenyewe niliyokuwa naitafuta wiki nzima bila kuijua jina. Yule aliyechora Redline alijua chuma kinachubuka kwenye kingo. Hiyo ni kweli ya vyuma vyote. Lakini duara la kiwiko huwezi kulichora kabla, kwa sababu hujui kama shangazi ni mtu wa kuongea na wapita njia. Na cherehani ilipohama mkono hakuna aliyekuja kuifuta ianze upya kwa jina la mama.

## Jinzi za Karume

Kuna siku nilijipa moyo kwamba haya mambo hayajaanza na gemu, na ni kweli hayajaanza. Nenda soko la mitumba la Karume pale Ilala uchambue jinzi, nusu yake zimepauka mapajani na zimechanika goti, na huo mpauko haukutokana na mtu kukaa wala kupiga magoti, ulifanyiwa kiwandani kabla jinzi haijavaliwa. Fender wanauza magitaa mapya yaliyokwanguliwa rangi makusudi, wameanza katikati ya miaka ya 1990, na yanauzwa ghali kuliko mazima. Watu wanapenda kitu kinachoonekana kimeishi. Sidhani ni dhambi.

Lakini nikasoma kuhusu zile jinzi nikakosa amani. Njia mojawapo ya kuzipausha ilikuwa kuzipulizia mchanga kwa presha, na vumbi la mchanga ule likiingia kifuani linakaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna tiba. Uturuki vijana wengi waliofanya kazi kwenye vile viwanda walipata huo ugonjwa, na wengine wakafa wakiwa bado wadogo, mpaka serikali ikaipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Yaani goti la jinzi lionekane kama limechakaa kwa maisha ya mtu ambaye hayupo, halafu kinachochakaa kweli ni pafu la mtu ambaye yupo.

Kwenye gemu hakuna mchanga, hilo nalikubali na nashukuru. Ila kuna pesa. Ufunguo mmoja wa keisi unakaribia dola mbili na nusu, na nafasi ya kupata kisu, kitu adimu kuliko vyote kwenye keisi, ni asilimia 0.26, takwimu hiyo waendeshaji wa gemu kule China walilazimika kuitangaza mwaka 2017 kwa sababu ya sheria za kule. Ubelgiji na Uholanzi wakaamua mwaka 2018 kwamba mambo kama haya ni kamari, na wachezaji wa kule wakazuiwa kufungua keisi. Nina mdogo wangu wa miaka kumi na tano anayecheza kwenye akaunti yangu, na keisi nimemkataza kabisa, siyo kwa maneno tu, kadi yangu haipo kule. Hapa sirefushi, ni makala nyingine.

## Upande wa pili

Wiki ya tatu nikaanza kujipinga. Nilijiambia labda wamefanya sahihi kufuta namba, na hoja hiyo ina nguvu kuliko nilivyotaka iwe.

Fikiria isingefutwa. Mtu anaua elfu ishirini, anauza bunduki, mwenye hela ananunua anakuja kwenye mechi yako na namba ya mwenzake ubavuni. Ingekuwa uongo. StatTrak inahesabu mkono wa mwenyewe, ndo maana ukiiokota ya mtu chini kale kamashine kanagoma, kanaleta eror badala ya namba. Miaka yote nimeibeba AK ya Chidi baada ya yeye kufa na kila nikiitupia jicho inanikana. Inanijua mimi siyo yeye. Hiyo niliipenda siku zote, na siwezi kuipenda siku ile halafu niichukie leo kwa sababu imenigusa mimi.

Kwa hiyo nikakubali. Ile 3,812 ilikuwa ya Chidi, siyo ya bunduki, na Chidi ametoka, imetoka naye. Sawa.

Lakini nikikubali hilo nabaki na kitu kibaya zaidi mkononi. Kile kilichokuwa kweli, kazi ya mtu, miaka yake, kimelindwa mpaka kimefutwa. Na kile ambacho hakikutokea, vita ambavyo havikupiganwa, mikwaruzo ya namba iliyotoka kwenye kompyuta sekunde moja ya kufungua keisi, hicho kinaruhusiwa kupita mkono kwa mkono kwa mkono bila kuguswa. Na sokoni ndicho kinachopangiwa bei. Skini ya 0.149 na ya 0.151 jicho halitofautishi kabisa, moja inaitwa Minimal Wear nyingine Field-Tested, na bei zinaachana.

Nilimpigia Chidi kumweleza haya yote. Ilikuwa mchana, nasikia mtoto analia nyuma. Ameuza PC mwezi wa kwanza, mtoto kazaliwa, na wamehamia Arusha kwa kina shemeji mpaka mambo yakae sawa. Kwanza alikaa kimya.

"Mwanangu, kwani hukuiuza kwa nini?" nikamuuliza. "Si ungepata chochote."

"Ningeuza Steam wanakata asilimia kumi na tano, inayobaki inakaa kwenye akaunti haitoki, naifanyia nini na PC sina? Na hata ingetoka nisingeuza ile." Halafu akasema, "Umeangalia stika?"

## Stika

Sikuwa nimeangalia stika.

Yaani nilikuwa naiona, ipo siku zote, karatasi ya mashindano ya CS ya Cologne 2016 iliyobandikwa kwenye bunduki, imechakaa chakaa, rangi nusu imetoka, nikaichukulia kama sehemu ya ule uchakavu mwingine. Wiki nne nimekaa na ile bunduki naitafuta alama ya mkono wa mtu na ilikuwa mbele ya macho yangu.

Kwa sababu stika haizaliwi chakavu. Stika inabandikwa nzima. Ili ichakae lazima mtu aingie kwenye ile sehemu ya kukwangua, abonyeze, itoke kidogo, abonyeze tena, itoke kidogo tena, na ukiendelea inaondoka kabisa na hairudi. Kwenye gemu zima, kwenye silaha nzima, huo ndo uchakavu pekee unaotoka kwenye kidole cha mtu. Na ukimpa mwingine bunduki, stika inaenda nayo vilevile ilivyo. Hawaifuti.

"Kila niliposhuka renki," Chidi akasema, "niliikwangua mara moja. Sikuwahi kukwambia maana ungenicheka."

Nisingemcheka. Nilimwambia hivyo.

"Ya mwisho ni ile siku ya Mirage, unaikumbuka?"

Nikaikumbuka. Tumeongoza 11 kwa 4 kwenye hiyo ramani ya Mirage, tunacheza seva ya Johannesburg maana Dubai ping, ule ucheleweshaji wa mtandao, ilikuwa inaruka, umeme ukakatika kwake, wenzetu watatu hatuwajui wanatukana kwa lugha ambayo sikuielewa, nikabaki nahangaika nao bila yeye mpaka tukapoteza. Alirudi hewani saa mbili baadaye tukaongea mpaka alfajiri, siyo kuhusu gemu, kuhusu baba yake aliyekuwa amelazwa. Ndo usiku ambao naweza kusema tulikuwa ndugu kuanzia hapo.

Na baada ya kukata simu alfajiri ile, kumbe alifungua inventori akakwangua stika.

Tulipomaliza kuongea nilirudi gemuni nikabonyeza F tena. Safari hii sikuangalia magazini. Nikaisogeza bunduki ikae vizuri kwenye mwanga nikajaribu kuhesabu imekwanguliwa mara ngapi, lakini huwezi kuhesabu, tabaka zimeingiana, unaona tu kwamba upande wa kulia kumebaki karatasi nyeupe iliyochanika na herufi mbili, na juu kuna kipande cha rangi kimegoma kutoka kama kile kipande cha lebo ya chupa ambacho hata ukitumia kucha hakitoki.

Nikamtumia mama picha ya ile stika, sijui hata kwa nini. Akajibu, "Nini hiki?" Nikamwambia ni kama kiwiko cha shangazi. Akanipigia hapohapo kuuliza kama nimekula.

## Jana

Kale kamashine sasa kanasoma 000214. Ni zangu. Napanda taratibu, ndo natoka kazini nimechoka, mechi mbili kwa usiku basi. Bunduki nyingine nimeziuza zote, kisu nilichokuwa nacho nacho nimekiuza kabla bei hazijaporomoka Oktoba 2025 walivyoruhusu visu vipatikane kwa trade-up, na siyo kwa ujanja, nilikuwa na kodi ya kulipa. Imebaki hii tu. Floti yake ni 0.27, niliiangalia mara moja mwanzoni, sijairudia.

Jana tumepoteza kwenye ramani ya Inferno, 13 kwa 11, na renki ikashuka. Nimekaa dakika kadhaa na kidole kwenye mausi, mausi yangu yenyewe imelainika pale kidole gumba kinapokaa, raba yote imeisha, sikuwahi kuiona hiyo pia.

Nikafungua inventori. Nikaiweka bunduki ubavu, nikaenda kwenye stika, nikaangalia kama itabaki nikikwangua. Inaonekana bado kuna mbili au tatu.

Nikakwangua mara moja. Herufi moja imetoka, imebaki moja.

Nikapiga skrinshoti nikamtumia Chidi. Alikuwa hewani, saa sita hiyo, mtoto hajalala.

"Renki gani umeshuka?" akauliza.

Nikamwambia.

"Mzee, hiyo mimi nilishuka mara tatu," akasema. "Usiimalize mapema."